Hedfoni Haikuwa Mbovu

Taulo jekundu likishatundikwa kwenye kitasa cha chumba cha mbele, hata kikohozi kilihitaji ruhusa katika nyumba ile. Redio ilizimwa, sufuria iliwekwa mekoni polepole kama yai, na mama yake Fundi, mwanamke aliyezaliwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, akaanza kuongea kwa nyusi. Ndani ya chumba mke wa Fundi alivaa hedfoni yenye maiki, akasikiliza maneno ya mashahidi yaliyorekodiwa na ofisi ya wakili, akayarudia neno kwa neno, na kompyuta ikayaandika. Nyumbani na mtaani walimwita Karani, kwa kuwa alipiga chapa maofisini miaka mingi. Watoto wa jirani walimpachika jina la Kasuku, wala hakuwakasirikia. Kasuku angalau halipi kodi ya nyumba, alisema.

Alifanya kazi kwa mdomo kwa sababu mikono ilikwisha. Mume wake alikuwa akitengeneza mageti ya chuma uani, na siku moja alimwambia, "Shika hapa kidogo," akaenda kupokea simu ya mteja. Geti lilikuwa limeegeshwa ukutani. Lilimzidi nguvu, likashuka naye, likambania vidole kwenye sakafu ya saruji. Majirani walipofika walimkuta Fundi analia na kipande cha kamba mkononi, anasema kamba imekatika. Tuseme ukweli mapema, maana katika nyumba hii ukweli una tabia ya kuchelewa: kamba haikukatika. Ilikuwa msumarini, haijafungwa popote, na Fundi aliikata kwa msumeno baada ya kulinyanyua geti, mkewe akiwa bado yuko chini. Mama yake alikuwa ameketi palepale uani akichambua maharage. Aliona yote. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema, na tangu siku ile mama na mwana waliheshimiana kupita kiasi.

Sasa kazi ya wakili ndiyo iliyolisha nyumba, kwa sababu wateja wa mageti walikuwa wa kubahatisha, na binti yao alikuwa shule ya bweni. Ilikuwa kazi ya majaribio, tena ilikwisha kutiwa doa. Juzijuzi Mama alipita mlangoni akinung'unika, mlango ukiwa haukufungwa vizuri, na kompyuta ikamwandika. Karani hakuona. Ushahidi wa kesi ya shamba ukaenda kwa wakili, na katikati yake, baada ya maneno ya shahidi wa pili, pakawa na mstari huu: nyumba ya mwanangu mwenyewe nakaa kama mfungwa hata chumvi ikizidi siwezi kusema. Sekretari wa wakili alimpigia Karani simu, akamsomea, na nyuma yake kilisikika kicheko cha ofisi nzima.

"Mheshimiwa amesema hii ya kwanza amecheka," sekretari alimaliza. "Ya pili hatacheka."

Karani naye alikwenda jikoni kumsomea mama mkwe wake mstari ule, taratibu, bila kupandisha sauti. "Mama, haya ni yako?" Mama alitamani sakafu ipasuke immeze. Tangu hapo aliiogopa ile kompyuta kama watu wanavyomwogopa jirani mbea.

*

Asubuhi ya tukio Karani alikwenda hospitali kwenye mazoezi ya vidole. Kazi iliyokuwa mezani ilibaki robo tu, na ilitakiwa iwe imefika kwa wakili kabla ofisi haijafungwa jioni. Aliiacha kompyuta imewashwa, akatoa taulo kitasani, akamwambia mama mkwe wake, "Leo ongea utakavyo, Mama, mpaka nirudi." Fundi alikwishatoka kwenda kumfungia mteja geti.

Simu ya Mama iliita, Karani akiwa hajafika hata barabarani. Aliyepiga alikuwa dada yake, na mara ya mwisho walikuwa wameongea kwa kunong'ona kama wezi. Mtandao katika nyumba ile ulikamata vizuri mahali pamoja tu, dirishani, kwenye chumba cha mbele. Mama akaingia, akaiona taa ndogo ya kompyuta inapepesa, akasita.

"Dada, ngoja kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu hapa anasikiliza."

"Nani tena?"

"We ngoja."

Alikumbuka siku mwanawe alipokifunga kile kifaa. Aliinama nyuma ya meza na nyaya mbili za kurefushia mkononi, za kuchomekea hedfoni kwa mbele, akamwambia kwa utani, "Huu ndio mdomo wake, Mama, na hili ndilo sikio." Basi Mama naye akainama, akavuta waya wa kwanza, akavuta wa pili, akaiacha kompyuta bubu na kiziwi, akajimwaga kwenye kiti cha Karani. Aliongea kama mtu aliyefunguliwa pingu. Alisema ya chumvi, alisema ya taulo, alisema mkwe wake ni mtu mwema, hana neno, ila nyumba imekuwa kama makaburini. Dada yake alicheka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na alipokata simu alijisikia mwepesi kama aliyeoga.

Kisha akazirudisha nyaya. Pini moja ilikuwa ya kijani na nyingine ya rangi ya waridi, na matundu nyuma ya kompyuta yalikuwa na rangi hizohizo ili mtu asikosee. Lakini nyuma ya meza kulikuwa giza, na macho ya Mama yalikuwa na mtoto wa jicho. Kwake vyote vilikuwa rangi ya majivu. Alisukuma pini mpaka zikakaza. Ikikaza imeingia, alijiambia, akaenda kuosha vyombo.

*

Karani aliporudi alitundika taulo, akaivaa hedfoni kwa viganja viwili, akabonyeza kwa kifundo cha kidole. Kimya. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Akasema kwenye maiki, "Shahidi wa nne, aya mpya," na kioo cha kompyuta kikamtazama bila kuandika hata herufi.

Alitoka na hedfoni shingoni. "Mama, kuna mtu ameingia chumbani?"

Laiti angeuliza vingine. Laiti angesema, kifaa kimegoma, hebu njoo tukitazame. Lakini aliuliza kwa sauti ileile ya siku ya chumvi, ya taratibu, isiyopanda wala kushuka, na Mama akajiona amesimama tena jikoni anasomewa makosa yake.

"Mimi niingie nikafanye nini?" alisema.

Neno likatoka, likakaa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Mama alikwishavua. Aligeukia vyombo vyake akavisuuza kwa mara ya pili ingawa vilikuwa vinang'aa.

Simu ya Karani ikaita. Alikuwa sekretari wa wakili.

"Karani, vipi, tunaletewa?"

"Inakuja, dada yangu. Kuna hitilafu ndogo ya sauti."

"Hitilafu tena? Naomba isiwe mambo ya chumvi." Sekretari akacheka peke yake, kisha akaacha. "Sikia. Mheshimiwa ameletewa kijana mwingine, anachapa kwa vidole kumi. Mimi ndiye niliyesema tukusubiri mpaka jioni. Usinitie aibu."

Karani aliitazama mikono yake iliyokuwa imeishika simu kama koleo. "Sitakutia aibu," alisema.

*

Fundi aliacha geti la mtu nusu akaja mbio. Mwanamume huyu alikuwa na maradhi yake: kitu cha mkewe kikiharibika alitaka kukitengeneza yeye, upesi, kabla hajatazamwa usoni. Alimtengenezea kijiko chenye mpini mnene. Aliliwekea bomba la maji mkono mrefu wa kusukumwa kwa kiwiko. Milango yote aliibadilishia vitasa. Nyumba ilijaa vyuma vya kuomba radhi, na radhi yenyewe haikuwahi kuombwa.

Wakampigia simu mdogo wake Karani, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kompyuta mji mwingine, wakaiweka simu spika.

"Shemeji, zima uwashe," kijana alisema.

"Tumezima, tumewasha."

"Mara ngapi?"

"Mpaka mimi mwenyewe nimezimika."

"Haya. Dada, angalia pale chini kwenye alama ya spika, haijafungwa sauti?"

"Haijafungwa. Iko juu kabisa."

"Nyaya je? Zisije zikawa zimechomoka huko nyuma."

Fundi alipitisha mkono nyuma ya meza, hakuinama, akazipapasa. Karani asingeweza kufanya hata hilo. "Zimekaza, shemeji. Hata ng'ombe hawezi kuzing'oa."

"Kuna mtu alizigusa?"

Swali lilitoka kwenye spika, chumba kizima kikalisikia. Fundi akageuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

"Mama, uligusa huku nyuma?"

Hii ilikuwa nafasi nyingine, tena nyepesi, maana aliyeuliza ni mwanawe na kwa wema. Ingetosha kusema nilivuta nikarudisha, wakacheka, yakaisha. Mama alifungua mdomo. Akamwona Karani anamtazama, na nyuma ya Karani kioo cheupe, na akasikia tena kile kicheko cha ofisi nzima alichosimuliwa.

"Mimi na kompyuta, wapi na wapi?"

"Mama hajagusa," Fundi aliiambia simu. Alilisema kwa fahari kidogo, na fahari ile ilimchoma mama yake kuliko swali.

"Basi hedfoni imekufa. Tafuteni nyingine mjaribu. Lakini hiyo msiifungue, shemeji, utaniharibia."

Umwambie fundi asifungue! Simu ilipokatwa bisibisi ilikuwa mkononi tayari.

"Amesema tusiifungue," Karani alisema.

"Natazama tu."

Aliichomoa kwenye zile nyaya za kurefushia, akaenda kuitazama uani, kwenye meza yake ya kazi. Vyuma alivyozoea vilikuwa vya unene wa mkono wa mtoto, na nyaya za ndani ya hedfoni zilikuwa nyembamba kama nywele. Moja ikamkatikia. Alijaribu kuiunga kwa chuma cha moto, na plastiki ya upande mmoja ikanywea, ikanuka, ikamwagika juu ya meza. Alikaa akiitazama. Kama ilikuwa mgonjwa, sasa ilikuwa maiti, na aliyeiua alijulikana.

Alirudi nayo imefungwa kwenye kitambaa. "Imeoza ndani," alimwambia mkewe. "Waya ulikatika wenyewe."

Jikoni, Mama alisikia maneno yale. Ulikatika wenyewe. Alikwisha kuyasikia siku nyingine, kwa sauti ileile, juu ya kitu kingine.

*

Bei ya hedfoni yenye maiki dukani ilimfanya Fundi amuulize muuzaji kama ina dhahabu ndani. Akaenda kwa mteja aliyemwachia geti nusu, akaomba amtangulizie kidogo.

"Geti langu limelala chini, mbuzi wa watu wanaingia wanatoka, halafu unaniomba hela?" mteja alisema. Hakumkaribisha ndani.

Ikabaki kwenda kwa kinyozi wa kona, aliyekuwa na hedfoni kubwa ya kuongelea na wachezaji wenzake kwenye mchezo wa kompyuta. Kibanda kilikuwa na watu. Fundi aliomba kwa sauti ya chini, kinyozi akajibu kwa sauti ya juu.

"Kumbe ni ya Kasuku! Hapa watu wanasema mkeo amepagawa, siku nzima anajisemesha."

"Ni kazi."

"Najua, ndugu yangu, nakutania. Lakini wewe unayekunja vyuma vya geti umeshindwa na kadude kama hako?"

Aliyekuwa kitini, kidevu chote povu, alicheka mpaka kinyozi akaondoa wembe. Fundi naye akacheka, maana anayeazima hucheka chochote anachochekewa. Akapewa hedfoni. Akaambiwa irudi leo, tena nzima.

*

Wakati huo Karani alikuwa anachapa. Kabla hajatoka, mumewe alimhamishia sauti kwenye simu, akamwegeshea simu kwenye kikombe. Karani alisikiliza maneno matatu, akasimamisha, akayachapa kwa kidole gumba na kidole kimoja cha mkono wa kulia, vile viwili vilivyobaki na utii. Halafu mengine matatu. Kila alipobonyeza bega lilimpanda mpaka sikioni. Mama alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, kwa kuwa leo taulo halikuwa na kazi, na angeweza kuongea kwa sauti yoyote aliyotaka. Hakuwa na la kuongea.

Alimpelekea chai. Karani alijaribu kuishika, kikombe kikatetemeka, na Mama akakishika yeye akamnywesha. Vidole vilikuwa vimevimba, vyekundu. Mama alivitazama kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu siku ya geti.

"Mama," Karani alisema, "unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Asubuhi nilikuuliza kama mtu anayekushuku. Na siku ile ya chumvi nilikusomea kama mtoto wa shule. Walinicheka mimi ofisini, na mimi nikaja kukutolea wewe. Haikuwa haki."

Mama alikiweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi..." alianza.

"Nimepata!" Fundi alisema mlangoni, hedfoni ya kinyozi juu mkononi, na lile neno likarudi tumboni.

Aliwasha tochi ya simu, na safari hii aliinama kwelikweli, kwa kuwa kifaa kilikuwa cha watu na aliogopa kukiharibu. Mwanga ukaangukia pini za zile nyaya za kurefushia. Ya kijani kwenye tundu la waridi. Ya waridi kwenye tundu la kijani. Zimekaza vizuri, kila moja ndani ya nyumba ya mwenzake. Fundi alichuchumaa pale muda mrefu. Hedfoni ya mkewe haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima aliyoichukua, ilikuwa nzima aliyoichoma moto. Na asubuhi aliyebaki nyumbani alikuwa mtu mmoja tu.

"Vipi huko?" Karani aliuliza.

"Naweka."

Aliweka kila pini mahali pake, akaichomeka hedfoni ya kinyozi. Karani akavaa, akabonyeza, na uso wake ukafunguka. "Nasikia! Nasikia vizuri kabisa!" Akasema kwenye maiki, "Shahidi wa nne, aya mpya," na maneno yakajipanga kwenye kioo kwa utii. Akamwekea mumewe kiganja shavuni. "Nisingekuwa na wewe ningekuwa na nani?"

Bora angempiga kofi. "Ilikuwa ile hedfoni tu," Fundi alisema.

*

Taulo lilirudi kitasani, kwa hiyo jikoni waliongea kwa pumzi.

"Mama. Nyaya zilikuwa zimepishana."

Mama hakujifanya haelewi. "Nilitaka kuongea na dada yangu bila kuandikwa."

"Nilikuuliza mbele ya shemeji."

"Uliniuliza, nikakudanganya. Basi nigombeze."

Fundi alijifuta uso kwa mkono wenye masizi. "Nikugombeze kwa lipi? Nikimwambia ya kwako, lazima niseme na ya kwangu. Hedfoni nzima nimeiua mimi. Tunyamaze tu. Kazi imepona."

"Kama tulivyoinyamazia kamba."

Neno hilo halikuwahi kutamkwa kati yao. Fundi aliutazama mlango wenye taulo, kisha mama yake, kama mtu aliyeshikwa anaiba katika nyumba yake mwenyewe.

"Mama, nakuomba."

"Ameniomba msamaha, mwanangu. Mimi. Vidole vimemvimba, ameniomba mimi msamaha. Nilijiambia nakulinda. Mtoto ni mtoto, akikosa unamfunika. Lakini yule naye si ananiita Mama?"

Fundi alitoka uani, akachukua msasa, akaanza kusugua chuma kilichokuwa kimesuguliwa jana.

Mama alibaki peke yake. Alijaribu maneno mdomoni, akayaona hayatapita mbele ya uso wa Karani. Angemtazama tu, yangerudi kama yalivyorudi mara zote. Hapo ndipo alipomkumbuka yule mbea wa chumba cha mbele, asiyekatiza mtu wala kumtazama, aliyemwandika bila kuombwa. Leo angemwomba.

Akafungua mlango wenye taulo.

Karani alikuwa amempa mgongo, masikio yamefunikwa na hedfoni kubwa ya kinyozi, macho ameyafumba kama alivyozoea ili maneno ya watu yamfike vizuri. Mama alisimama nyuma ya kiti. Alingoja mpaka mkwe wake aliponyamaza kusikiliza, akaegemea mbele kuelekea maiki, akasema. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti yake ya kuzaliwa nayo.

Karani alihisi kishindo cha sauti mgongoni. Alifumbua macho akakuta kioo kinaandika maneno asiyoyasema, bila mkato wala nukta: zile nyaya nilizitoa mimi nikazirudisha vibaya nikakudanganya hedfoni yako haikuwa mbovu iliharibikia mikononi mwa mume wako na lile geti mwanangu kamba haikukatika ilikuwa msumarini aliikata yeye baadaye nilikuwa nachambua maharage niliona.

Alisimamisha sauti ya shahidi. Alisoma. Alisoma tena, midomo ikicheza, kwa kuwa kazi yake ilimzoesha kurudia. Kivuli cha Mama kilikuwa kwenye kioo, juu ya maneno, nacho hakikusogea.

"Fundi!" Karani aliita. Taulo likiwa mlangoni, aliita mpaka jirani akasikia.

Fundi alikuja mbio na msasa mkononi. "Imezima tena?"

"Haijazima. Kuna mahali sipaelewi. Nisomee." Aliivua hedfoni, akaishika kwa viganja viwili, maiki ikaelekea kwa mumewe.

Fundi aliinama, akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma karatasi ya mteja. "Zile nyaya nilizitoa mimi, nikazirudisha vibaya..." Chini ya mistari ile kompyuta ilianza mingine, inamwandika na yeye. Sauti yake ilipungua kila neno. Alipofika kwenye geti ilikatika. Alama ya kuandikia ikabaki inapepesa, inasubiri.

"Malizia," Karani alisema.

"Mke wangu."

Kompyuta ikaandika: mke wangu.

"Malizia. Mimi nilikuwa chini, sikuona. Nisomee mwenye macho."

Fundi alimtafuta mama yake. Mama alikuwa ameegemea ukuta, analia waziwazi, na hakuwa na pa kumfunikia tena. Fundi akarudi kwenye kioo, lakini hakusoma.

"Sikuifunga," alisema. "Simu iliita, nikasema nakuja sasa hivi. Nilipolinyanyua geti nikaiona kamba msumarini. Nikaikata, nikaishika, watu wakanikuta nayo. Kila siku nataka kukwambia. Kila siku nakutengenezea kitu."

Maneno yake yalikuwa yamekaa kwenye kioo yote, moja halikupotea. Karani aliyatazama mpaka mwisho, kisha akaivaa tena hedfoni, akasema kwenye maiki, "Nukta." Ikawekwa.

"Haya, tokeni," alisema. "Ofisi ya watu inafungwa jioni."

Alisema aya mpya, akaendelea na shahidi wa nne chini ya maneno ya mumewe, kwa sauti ya taratibu, isiyopanda wala kushuka. Jua lilipoanza kulala kazi ilikuwa imekwisha. Ilibaki kusafisha yale yasiyomhusu wakili.

Kulikuwa na namna rahisi. Angesema tu, "Futa aya," na yote yangeondoka kwa pumzi moja. Hakusema. Fundi akiwa uani na Mama jikoni, waliisikia kibodi ikianza kugongwa, kitufe kimoja, tena kimoja, tena kimoja, kwa kidole kimoja kilichovimba, herufi baada ya herufi kuanzia mwisho. Walijua anafuta nini, na walijua kinavyomuuma. Hakuna kati yao aliyethubutu kwenda kumsaidia.